Bunge Lilikuja, Umma Ukabaki Nje: Kufifia kwa Vuguvugu la Haki za Raia Japani, 1874–1900

Agosti 1900 gazeti la Yorozu Choho la Tokyo lilichapisha tanzia isiyo ya kawaida. Mwandishi wake, Kotoku Shusui, hakuwa akimlilia mtu. Alikililia chama cha siasa, Jiyuto, yaani Chama cha Uhuru, ambacho warithi wake walikuwa wakijiandaa kuingia katika chama kipya cha Ito Hirobumi. Ito alikuwa miongoni mwa vinara wa dola iliyowafunga wakongwe wa chama hicho, ikawafukuza mjini na kuwafungia magazeti yao. Aliyemtaka Kotoku aandike tanzia hiyo alikuwa mwalimu wake, Nakae Chomin, mtu aliyewafasiria Wajapani fikra za Rousseau kuhusu mkataba wa kijamii. Mwalimu huyo alifariki mwaka uliofuata.

Japani ya enzi ya Meiji husimuliwa kama habari ya mafanikio: taifa la Asia lililojenga reli, viwanda, shule na jeshi katika muda wa kizazi kimoja, likaepuka kutawaliwa na wageni. Habari hiyo ni ya kweli, lakini imefunika kushindwa kukubwa kulikotokea wakati uleule. Kuanzia mwaka 1874, makumi ya maelfu ya Wajapani, wakiwamo wakulima, walimu wa vijijini na wanawake wachache wenye ujasiri, walidai kushiriki katika kutunga sheria zilizowatawala. Bunge walilipata. Ila lilipofunguliwa mwaka 1890, wengi wa waliolidai hawakuwa na haki ya kumchagua hata mbunge mmoja, na viongozi wao walikuwa tayari wamezoea kupatana na wakubwa.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba vuguvugu hili liliuawa na polisi. Polisi walifanya kazi kubwa, na ukatili wao hauna budi kutajwa. Hata hivyo, sheria za kuwabana waandishi zilikuwepo tangu 1875, na vuguvugu likazidi kukua kwa miaka sita baada ya hapo. Kilicholidhoofisha zaidi ni ufa uliokuwemo ndani yake tangu mwanzo, kati ya viongozi waliotaka sehemu yao ya madaraka na watu wa vijijini waliotaka nafuu ya maisha. Serikali iliuona ufa huo mapema, ikaupanua kwa subira.

Ahadi ya mwaka 1868

Utawala wa ukoo wa Tokugawa ulipoanguka mwaka 1868, watu waliotwaa madaraka kwa jina la Mfalme kijana Meiji walitangaza kiapo cha vipengele vitano. Cha kwanza kiliahidi mabaraza ya mashauriano na maamuzi yatakayotokana na majadiliano ya wazi. Kwa vitendo, madaraka yalikaa mikononi mwa kundi dogo la masamurai wa zamani, wengi wao kutoka Satsuma na Choshu, kusini-magharibi mwa nchi. Mwaka 1871 walifuta milki za makabaila na kuweka mikoa inayosimamiwa kutoka Tokyo. Mwaka 1873 walianzisha jeshi la lazima kwa vijana wa kiume, na kodi mpya ya ardhi: asilimia 3 ya thamani ya shamba, ilipwe kwa fedha taslimu kila mwaka, mavuno yawe mema au mabaya.

Mwaka huohuo viongozi waligombana juu ya mpango wa kuishambulia Korea. Walioshindwa katika ubishi huo walijiuzulu, wakiwamo Saigo Takamori wa Satsuma na Itagaki Taisuke wa Tosa, katika kisiwa cha Shikoku. Januari 1874 Itagaki na wenzake, wakiwamo Goto Shojiro na Eto Shimpei, waliwasilisha waraka wa kuomba bunge litakalochaguliwa na watu. Waraka ukachapishwa gazetini, na kwa mara ya kwanza swali la nani awe na kauli nchini likajadiliwa hadharani.

Nia zao zilikuwa na mchanganyiko. Walikuwa watu waliopoteza vyeo miezi michache tu kabla. Walipoulizwa nani atapiga kura, jibu lao la awali liliishia kwa masamurai na wakulima na wafanyabiashara matajiri. Risshisha, jumuiya ambayo Itagaki na wenzake waliiunda Tosa mwaka 1874, ilikuwa pia chombo cha kuwasaidia masamurai waliokosa kazi. Eto alichagua upanga, akaongoza uasi katika mkoa wa Saga, na kufikia Aprili alikuwa amekatwa kichwa. Saigo alifuata njia hiyohiyo mwaka 1877 na kufia katika kilima cha Shiroyama mwezi Septemba, baada ya jeshi la vijana wa wakulima kuwashinda masamurai wake. Tangu hapo ilieleweka kwamba serikali haiangushwi kwa silaha. Yalibaki maneno, na maneno yakawafikia watu ambao waandishi wa waraka wa 1874 hawakuwa wamewafikiria.

Vijiji vilivyosoma

Miaka ya 1878 hadi 1881 ndiyo iliyokuwa kilele. Ghasia za wakulima za mwaka 1876 zilikuwa zimeilazimisha serikali kushusha kodi ya ardhi hadi asilimia 2.5, na bei za mchele na hariri zilikuwa zikipanda. Mkulima mwenye shamba lake alipata nafasi ya kununua gazeti, kumpeleka mtoto shule, na kujiuliza fedha anazolipa zinakwenda wapi. Mabaraza ya mikoa yalipoanzishwa kwa sheria ya 1878, wanaume waliolipa angalau yen 5 za kodi ya ardhi walipiga kura. Wakaonja siasa, na wakataka zaidi.

Ukaibuka utamaduni mpya wa hotuba. Katika jamii ambayo mtu wa kawaida alisikiliza amri akiwa ameinamisha kichwa, kusimama mbele ya umati na kutetea hoja lilikuwa jambo geni kabisa. Fukuzawa Yukichi alijenga ukumbi maalumu wa hotuba katika shule yake ya Keio mwaka 1875 ili kuwazoesha vijana sanaa hiyo. Miaka michache baadaye hotuba zilitolewa katika mahekalu, majumba ya maigizo na nyumba za wazee wa vijiji. Wasemaji walizunguka kutoka mji hadi mji, na watu wakatembea mwendo mrefu kwenda kuwasikiliza. Vikundi vya kujisomea vikaundwa, watu wakisoma tafsiri za Rousseau, Mill na Spencer pamoja na vitabu vya Kichina walivyovizoea.

Mfano bora ni wa Itsukaichi, mji mdogo wa milimani magharibi mwa Tokyo. Huko mwalimu wa shule, Chiba Takusaburo, aliyezaliwa katika familia ya samurai wa daraja la chini kaskazini mwa nchi, alikaa na wakulima na wafanyabiashara wa mahali hapo wakijadili sheria. Mwaka 1881 aliandika rasimu ya katiba yenye vifungu 204, na takriban 150 kati yake vilihusu haki za raia. Chiba alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1883 akiwa na umri wa miaka 31. Huko Tosa, Ueki Emori aliandika rasimu ya vifungu 220 iliyokwenda mbali zaidi: ilifuta adhabu ya kifo na kumpa raia haki ya kuipinga serikali dhalimu. Rasimu za aina hii ziliandikwa kwa makumi. Hakuna aliyewaagiza waandishi wake. Waliamini kwamba nchi ni yao, na kwamba mwenye nchi huandika sheria zake.

Wanawake nao walijitokeza. Mwaka 1878 Kusunose Kita, mjane wa mji wa Kochi, alinyimwa kura katika uchaguzi wa mtaa ingawa alikuwa mkuu wa kaya na mlipa kodi. Aligoma kulipa, akaandika malalamiko rasmi akihoji kwa nini wajibu wake ni sawa na wa mwanamume huku haki yake ikiwa pungufu. Mwaka 1880 mtaa mmoja wa Kochi uliwaruhusu wanawake wakuu wa kaya kupiga kura. Msichana Kishida Toshiko alizunguka nchi akihutubia maelfu, hadi alipokamatwa huko Otsu mwaka 1883 kwa hotuba iliyokemea desturi ya kuwafungia mabinti nyumbani.

Machi 1880 wawakilishi wa vikundi hivi walikutana Osaka wakaunda Umoja wa Kudai Bunge. Walibeba ombi lililoungwa mkono na watu wapatao 87,000, na serikali ikakataa kulipokea. Mwezi uliofuata ilitoa amri ya mikutano: kibali cha polisi kikawa lazima, askari akawa na mamlaka ya kukaa ukumbini na kuvunja mkutano wakati wowote, na wanajeshi, polisi, walimu na wanafunzi wakakatazwa kuhudhuria. Pamoja na hayo yote, mikutano iliendelea.

Tarehe iliyowagawa

Mwaka 1881 serikali ilijikwaa. Ilifichuka kwamba Kuroda Kiyotaka, mkuu wa idara ya kuendeleza Hokkaido, alipanga kuuza mali ya umma iliyogharimu takriban yen milioni 14 kwa bei ya chini ya yen laki nne, kwa malipo ya miaka 30 bila riba, na mnunuzi alikuwa kampuni ya Godai Tomoatsu, mtu wa Satsuma kama yeye. Magazeti yakawaka. Ndani ya serikali, Okuma Shigenobu alikuwa tayari amependekeza bunge la mfumo wa Kiingereza kwa haraka. Oktoba 1881 Ito na wenzake walifanya mambo matatu kwa mpigo: walifuta mauzo ya Hokkaido, walimfukuza Okuma, na wakatangaza kwa jina la Mfalme kwamba Bunge litafunguliwa mwaka 1890.

Tangazo hilo lilipokewa kama ushindi wa umma. Kwa kulitazama leo, naliona kuwa pigo lililotumia akili kuliko yote. Dai lililowaunganisha samurai asiye na kazi, mkulima tajiri na maskini mwenye deni lilikuwa moja: bunge. Mara lilipopewa tarehe, kila mmoja akabaki na ajenda yake. Kazi ya kuandika katiba ilikabidhiwa kwa Ito, akaenda Ulaya mwaka 1882 kujifunza kwa wanasheria wa Berlin na Vienna. Rasimu za akina Chiba hazikuwa na pa kupelekwa tena.

Itagaki aliunda Jiyuto Oktoba 1881. Okuma akaunda Kaishinto, Chama cha Mageuzi, mwaka 1882. Cha kwanza kilikuwa na mizizi vijijini, cha pili kilipendwa na wasomi na wafanyabiashara wa mijini. Aprili 1882 Itagaki alichomwa kisu huko Gifu akanusurika, na jina lake likawa kubwa kuliko wakati wowote. Laiti angelitumia jina hilo kukijenga chama. Wahenga walisema penye udhia penyeza rupia, na serikali ya Tokyo iliijua njia hiyo vizuri. Novemba 1882 Itagaki na Goto walisafiri kwenda Ulaya kwa fedha zilizopatikana kwa siri kupitia wakubwa wa serikali na kampuni ya Mitsui. Waliompinga ndani ya chama, akiwamo Baba Tatsui, mmoja wa wasemaji wake hodari, waliondolewa au wakatoka. Magazeti ya Kaishinto yakaishambulia safari hiyo, Jiyuto nayo ikajibu kwa kuwaita Kaishinto vibaraka wa Mitsubishi. Vyama viwili vilivyodai jambo lilelile vikamaliza nguvu zao katika kuchafuana. Baba alifia ugenini, Philadelphia, mwaka 1888.

Hariri ilipoanguka

Wakati viongozi wakisafiri na kugombana, vijiji vilikuwa vikizama. Tangu 1881 waziri wa fedha, Matsukata Masayoshi, aliondoa noti za karatasi kwenye mzunguko, akabana matumizi na kuongeza kodi ndogondogo ili kuponya hazina iliyovurugwa na vita vya 1877. Kwa hesabu za dola alifaulu: fedha ikatulia, na Benki ya Japani ikaanzishwa mwaka 1882. Kwa mkulima ilikuwa balaa. Ndani ya miaka mitatu bei ya mchele ilishuka karibu nusu, hariri ghafi nayo ikaanguka vibaya, lakini kodi ya ardhi ilibaki palepale kwa sababu ilikadiriwa kwa thamani ya shamba. Mkulima alilazimika kuuza karibu mara mbili ya mazao ili alipe kodi ileile. Aliyekosa alikopa kwa riba kubwa, akaweka shamba rehani, kisha akalipoteza. Kati ya 1883 na 1890 wakulima zaidi ya 360,000 walinyang'anywa ardhi kwa kushindwa kulipa kodi.

Hapa ufa ukawa bonde. Mkulima tajiri, aliyekuwa mlezi wa vikundi vya kusoma na mfadhili wa hotuba, mara nyingi ndiye aliyekuwa mkopeshaji. Jirani yake maskini, aliyesikiliza hotuba zilezile, sasa alikuwa mdaiwa wake. Uhuru ulikuwa na maana moja kwa yule anayetaka kodi ipungue, na maana nyingine kwa yule anayesubiri mnada wa shamba lake. Uongozi wa Jiyuto haukuwa na jibu la swali la deni, na haukulitafuta.

Ukandamizaji uliongeza hasira. Huko Fukushima gavana Mishima Michitsune alilazimisha wananchi kufanya kazi ya barabara siku moja kila mwezi kwa miaka miwili au walipe fedha. Baraza la mkoa lilipopinga, wafuasi wa Jiyuto walikamatwa kwa wingi mwishoni mwa 1882, na mwenyekiti wa baraza, Kono Hironaka, akahukumiwa kifungo cha miaka saba. Vijana wakakata tamaa na njia za sheria. Septemba 1884 watu 16 walipanda mlima Kaba, mkoa wa Ibaraki, wakiwa na mabomu waliyoyatengeneza wenyewe, wakitaka kuipindua serikali. Walishindwa katika siku chache.

Oktoba 29, 1884, mjini Osaka, uongozi wa Jiyuto ulikivunja chama. Ulisema umeshindwa kuwazuia wanachama wenye msimamo mkali, na fedha zilikuwa zimekwisha. Siku tatu baadaye, Novemba 1, maelfu ya wakulima walikusanyika katika hekalu la Muku, wilaya ya Chichibu, kaskazini-magharibi mwa Tokyo. Ilikuwa nchi ya milima iliyoishi kwa hariri. Walikuwa wamekwisha kuwaomba wakopeshaji na polisi wawasaidie, wakakataliwa. Madai yao yalikuwa mahususi: malipo ya madeni yasimame kwa miaka 10 kisha yalipwe kwa awamu za miaka 40, shule zifungwe kwa miaka mitatu ili kupunguza gharama, na ushuru upunguzwe. Kiongozi wao, Tashiro Eisuke, alikuwa mtu wa makamo aliyejulikana kwa kusuluhisha ugomvi wa wanakijiji. Walijiwekea kanuni za kukataza uporaji, ulevi na kuwadhulumu wanawake. Siku iliyofuata waliuteka mji wa Omiya, makao ya wilaya, wakachoma hati za madeni.

Miongoni mwa waandaaji wao walikuwamo wanachama wa Jiyuto, na baadhi yao waliamini kwamba wenzao nchi nzima wangeinuka na kwamba Itagaki angewaunga mkono. Chama walichokitegemea hakikuwepo tena. Serikali ilituma jeshi, na kundi la mwisho lilitawanywa Novemba 9 katika mkoa wa Nagano baada ya kuvuka milima kwa miguu. Maelfu waliadhibiwa, na Tashiro alinyongwa mwaka 1885. Mmoja wa viongozi, Inoue Denzo, alitorokea Hokkaido, akaishi huko kwa jina la uongo hadi kifo chake mwaka 1918, akiieleza familia yake ukweli alipokuwa anakata roho. Magazeti ya mijini, yakiwamo yaliyokuwa yakihubiri haki za raia, yaliwaita watu wa Chichibu wahuni. Siku tatu zile, kutoka Osaka hadi Muku, ndipo vuguvugu la haki za raia lilipovunjika uti wa mgongo. Lilikuwa limewafundisha wanyonge kusema, na walipotamka shida yao halisi likawakana.

Waliokufa moyo na waliogeuka

Baada ya 1884 watu walitawanyika katika njia tofauti, na kila njia inaonyesha namna matumaini ya siasa yanavyooza. Wengine walihamishia hasira nje ya nchi. Mwaka 1885 Oi Kentaro, kiongozi wa mrengo wa kushoto wa Jiyuto, alikamatwa Osaka akipanga kupeleka silaha na watu Korea ili kuleta mapinduzi huko, akitumaini yangeitikisa pia Tokyo. Kageyama Hideko, mwanamke wa miaka 20, alikuwa mmoja wa waliobeba baruti. Huko Fukuoka, kikundi kilichoanza kwa kudai haki za raia kiligeuka kuwa Genyosha, jumuiya ya wazalendo wakali, na mwaka 1889 mfuasi wake alimtupia bomu Okuma, aliyekuwa sasa waziri wa mambo ya nje, akapoteza mguu.

Wengine waligeukia nafsi zao. Kitamura Tokoku alijiunga na vuguvugu akiwa kijana mdogo katika wilaya za Tama. Rafiki yake alipomwalika kushiriki ujambazi wa kutafuta fedha za mpango wa Oi, alikataa, akanyoa kichwa na kuiacha siasa. Akawa mshairi na mwandishi wa insha kuhusu maisha ya ndani ya mtu, mmoja wa waasisi wa fasihi mpya ya Japani. Mei 1894 alijinyonga akiwa na umri wa miaka 25. Kazi zake zinaheshimiwa, na zinastahili. Lakini fasihi hiyo iliyojitenga na mambo ya umma ilizaliwa kwa kiasi kikubwa kutoka katika kushindwa kwa kizazi kilichotamani kubadilisha nchi.

Jukwaa nalo liligeuka. Hotuba zilipopigwa marufuku, vijana waliimba siasa mitaani na kuuza karatasi za nyimbo zao. Kawakami Otojiro, msemaji wa zamani aliyekamatwa mara nyingi, alivuma kwa nyimbo za kuwakejeli wakubwa. Vita na China vilipoanza mwaka 1894, alipata umaarufu mkubwa zaidi kwa mchezo wa kuigiza uliosifu ushindi wa jeshi. Watazamaji walewale waliokuwa wakishangilia haki walishangilia mizinga.

Walio juu walipewa vyeo. Mwaka 1887 Itagaki, Goto na Okuma walitunukiwa daraja la ukabaila katika mfumo mpya wa vyeo vya kurithiwa. Mwishoni mwa mwaka huohuo wanaharakati walipomiminika Tokyo kudai nafuu ya kodi, uhuru wa kusema na marekebisho ya mikataba na mataifa ya nje, serikali ilitoa amri ya usalama Desemba 25 na kuwafukuza watu wapatao 570 wasikae ndani ya kilomita 12 kutoka ikulu, Nakae Chomin akiwamo. Goto alizunguka nchi akihimiza umoja wa wapinzani. Machi 1889 aliingia serikalini kuwa waziri, na umoja wake ukasambaratika.

Bunge la wachache

Katiba ilitangazwa Februari 11, 1889, kama zawadi ya Mfalme kwa raia wake. Miji ilipambwa kwa taa na mapambo, ingawa daktari Mjerumani Erwin Bälz aliandika katika shajara yake kwamba watu hawakujua kilichomo. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1, 1890. Mpiga kura alipaswa kuwa mwanamume wa miaka 25 au zaidi anayelipa yen 15 za kodi ya moja kwa moja. Waliotimiza sharti hilo walikuwa kama 450,000, takriban asilimia 1 ya watu wote. Wakulima waliopoteza ardhi miaka ya Matsukata walipoteza pamoja nayo njia yoyote ya kuingia katika hesabu hiyo. Mwaka uleule sheria mpya iliwakataza wanawake kujiunga na vyama na hata kuhudhuria mikutano ya siasa. Mtaa wa Kochi uliowapa kura mwaka 1880 ulikuwa umekwisha kunyang'anywa uwezo huo mwaka 1884.

Haki inatutaka tukiri kwamba Bunge hili halikuwa pambo tupu. Vyama vya upinzani vilishinda wingi wa viti 300, na vilikuwa na kauli juu ya bajeti mpya, ingawa katiba iliiruhusu serikali kurudia bajeti ya mwaka uliotangulia zikikosekana kura. Wabunge walianza kwa kudai kupunguza matumizi kwa karibu yen milioni 8. Februari 1891 kundi la Tosa, wakiwamo wakongwe wa Risshisha, lilipatana na serikali kwa kiasi kidogo zaidi. Nakae, aliyechaguliwa Osaka kwa kura za watu wa jamii iliyobaguliwa, alijiuzulu kwa hasira. Katika uchaguzi wa 1892 polisi waliwashambulia wapinzani, watu 25 wakauawa, na bado wapinzani wakashinda. Ujasiri wa wapiga kura ulikuwepo. Uliokosekana ulikuwa wa wawakilishi wao.

Vita vya 1894 vilimaliza upinzani uliobaki. Bunge lilikutana Hiroshima na kupitisha yen milioni 150 za vita bila ubishi. Mwaka 1896 Itagaki akawa waziri wa mambo ya ndani chini ya Ito, akisimamia polisi walewale waliokuwa wakivunja mikutano yake. Serikali ya pamoja ya Okuma na Itagaki mwaka 1898 ilidumu miezi minne ikaanguka kwa ugomvi wa vyeo. Desemba mwaka huo, warithi wa Jiyuto walipiga kura kupandisha kodi ya ardhi kutoka asilimia 2.5 hadi 3.3. Chama kilichokua kwa jasho la walipa kodi wa vijijini kiliwaongezea mzigo ili kugharimia jeshi. Kuingia kwao katika chama cha Ito, Seiyukai, Septemba 1900, kulithibitisha tu jambo lililokuwa limekwisha kutokea.

Hasara yenyewe

Katika kitabu chake cha mwaka 1887, Nakae alitofautisha haki ambazo watu wamezitwaa wenyewe kutoka chini na haki walizopewa kutoka juu. Alitumaini kwamba hata haki ya kupewa, ikitunzwa vizuri, inaweza kukua hadi ikalingana na ile ya kutwaliwa. Tumaini hilo lilihitaji watunzaji: watu wanaokutana, wanaosoma, wanaobishana na kuwawajibisha wawakilishi wao. Watunzaji wa namna hiyo walikuwepo Itsukaichi, Kochi na Chichibu. Ndio walioachwa.

Watetezi wa Ito husema Japani ilikuwa hatarini, imefungwa na mikataba isiyo ya haki, na haikuweza kumudu siasa zenye vurugu. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini kuwanyamazisha raia hakukuilinda Japani na hatari kubwa iliyokuja kuikuta, nayo ilitoka ndani. Jeshi lilipoanza kuiburuta nchi vitani katika miaka ya 1930, hapakuwa na umma uliozoea kusema hapana. Kura kwa wanaume wote ilikuja mwaka 1925, ikifuatana na sheria kali ya kuwaadhibu wenye mawazo yasiyotakiwa. Wanawake walipiga kura kwa mara ya kwanza katika uchaguzi wa Bunge mwaka 1946, juu ya magofu ya miji iliyoteketezwa.

Mwishoni mwa 1945 msomi Suzuki Yasuzo, aliyekuwa amezitafiti rasimu za Ueki Emori na wenzake kabla ya vita, alishiriki kuandaa pendekezo la katiba mpya ambalo maofisa wa Marekani walilisoma walipokuwa wakiandaa rasimu yao. Mwaka 1968 rasimu ya Chiba ilipatikana katika ghala la familia moja karibu na Itsukaichi. Ugunduzi huo unakanusha kauli kwamba demokrasia ni kitu cha kigeni ambacho Wajapani walivishwa baada ya kushindwa vita. Walikuwa wameifikiri wenyewe, kwa lugha yao, katika vijiji vyao, miaka zaidi ya sitini kabla. Waliikosa kwa sababu waliowaamini kuwa viongozi wao walikubali kuingia mlangoni peke yao. Bunge lolote linaloanza kwa kuwaacha nyuma waliolidai hubaki na jengo, kanuni na viti, na siku nchi inapohitaji kauli yake, halina nguvu ya kuitoa.